Mzae wa Ule Mluzi: Venye Bernard Herrmann Alivalisha TV ya Kitambo Suti ya Okestra

Kuna mluzi unaujua hata kama hujui unaujua. Nesi feki, jicho moja limefunikwa, anatembea kwa korido ya hospitali na anapiga mluzi mtamu kama mtu anaenda kununua maziwa, kumbe anaenda kumdunga mtu sindano ya kifo. Hiyo ni Kill Bill ya 2003. Wasee waliufanya mlio wa simu, wakautia kwa meme, na mpaka leo mtu akitaka kuchekesha kwa video ya ex anakaribia, huo mluzi ndio anaweka.

Wengi hudhani Quentin Tarantino ndiye alitoa hiyo kitu kwa kichwa. Zii. Aliitoa kwa filamu ya Uingereza ya 1968, Twisted Nerve, na mwenye aliiandika alikuwa ameshakaa kaburini miaka 28 wakati Kill Bill inatoka. Alafu ukirudi 1998, Busta Rhymes anatoa Gimme Some More, zile fidla zinakimbia huko nyuma kama zinafukuzwa na kanjo. Hizo pia ni zake, kutoka Psycho ya 1960. Lady Gaga akitoa video ya Born This Way 2011, muziki wa kufungua ni wake pia, kutoka Vertigo.

Jamaa anaitwa Bernard Herrmann. Watu wa sinema wanamjua kama Mungu mdogo. Lakini kuna kazi nyingine alifanya yenye hawaiongelei sana, na mimi naona ndiyo inaonyesha alikuwa mtu wa aina gani: muziki wa vipindi vya TV vya miaka ya 50 na 60, za macowboy, za anga, za mizimu. Vipindi vya wiki kwa wiki, bajeti kidogo, na watu walikuwa wanaviona kama kazi ya kutafuta tu chapaa. Yeye aliingia huko na okestra kichwani na hakutaka kushuka.

Tuanze mwanzo. Herrmann alizaliwa New York tarehe 29 Juni 1911, kwa familia ya Wayahudi wenye asili ya Urusi. Buda yake alipenda muziki kinoma, akampea fidla na kumpeleka opera akiwa bado mtoi. Akiwa na miaka 13 akashinda dola 100 kwa mashindano ya kutunga. Mtoto wa 13, dola 100, miaka ya 20! Hapo ndio aliamua hii maisha atailipia na manota.

Shule hakuwa mtu wa kukaa akiambiwa. Alipitia New York University, akapitia Juilliard, na kila mahali alikuwa anabishana na walimu. Akiwa karibu miaka 20 akaunda okestra yake ndogo. Alikuwa na mdomo, hiyo tujue mapema, ju itamgharimu baadaye. Ukimwambia kitu cha ujinga kuhusu muziki, alikupasha hapo hapo mbele ya watu, haijalishi wewe ni nani.

1934 akaingia CBS, ile kampuni kubwa ya redio. Huku ndiko alijifunza kazi. Redio ya siku hizo ilikuwa live, na drama zilikuwa na muziki wa moja kwa moja: waigizaji wako hapa, okestra iko pale, na saa iko ukutani inaangalia kila mtu. Kama mlango unafungwa kwa hadithi, una sekunde nne za kumwambia msikilizaji huyu mtu ameingia na ubaya. Sekunde nne. Huna picha ya kukusaidia. Herrmann akawa mnoma kwa hizo sekunde nne. Baadaye akapanda mpaka akawa kiongozi wa okestra ya CBS, na alitumia hiyo nafasi kucheza watunzi wenye hakuna mtu alikuwa anawajali, kama Charles Ives.

Huko ndiko alikutana na kijana mwingine mwenye kichwa ngumu, Orson Welles. Usiku wa 30 Oktoba 1938 Welles alirusha ile drama ya wageni kutoka Mars kuvamia dunia, ikatengenezwa kama taarifa ya habari, na kuna watu walitoka mbio. Kama uliskia hiyo story, ujue kuna bendi ya densi ilikuwa inacheza kwa hoteli alafu inakatizwa na habari mbaya. Hiyo bendi haikuwa kwa hoteli yoyote. Ilikuwa studio, na mwenye alikuwa anaiongoza ni Herrmann.

Welles akaenda Hollywood akambeba. Filamu ya kwanza ya Herrmann maishani ikawa Citizen Kane, 1941. Fikiria mtu wa kwanza kuingia uwanjani anaingizwa fainali. Mwaka huo huo akafanya filamu nyingine, All That Money Can Buy, na zote mbili zikateuliwa Oscar. Hiyo ya pili ikashinda. Alikuwa na miaka 30. Hakuna mtu angeamini ukimwambia hiyo ndiyo Oscar ya kwanza na ya mwisho ataigusa.

Mwaka wa 1942 Welles na yeye wakatoa The Magnificent Ambersons, studio ikaikatakata filamu, ikatupa sehemu kubwa ya muziki wake na kuweka wa mtu mwingine. Msee wa kawaida angekunywa maji anyamaze. Herrmann alidai jina lake litolewe kwa filamu. Na likatolewa.

Nyumbani mambo yalikuwa na mdundo wake. Bibi yake wa kwanza, Lucille Fletcher, alikuwa mwandishi mkali wa drama za redio. Aliandika The Hitch-Hiker, hadithi ya dereva mwenye kila akiangalia kando ya barabara anaona mtu yule yule akiomba lifti. Welles aliiigiza kwa redio 1941, Herrmann akaweka muziki. Pia Lucille alimwandikia maneno ya opera, Wuthering Heights, kutoka kwa kile kitabu cha Emily Brontë. Herrmann alianza kuitunga 1943 akamaliza 1951. Miaka minane. Wakati anamaliza, ndoa ilikuwa imeshavunjika kitambo, walitalikiana 1948.

Hiyo opera ishike kichwani. Kwa Herrmann, hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Filamu na redio zilikuwa za kulipa bili, opera ndiyo ilikuwa yeye mwenyewe. Na hakuna jumba lilitaka kuiweka jukwaani. Wengine walitaka aipunguze, abadilishe mwisho. Akakataa. Ikalala kwa droo.

Mwanzo wa miaka ya 50, redio ikaanza kuzama. TV ilikuwa imeingia kwa keja za Wamarekani, pesa ya matangazo ikahamia huko, na okestra ya CBS ikavunjwa. Herrmann akafunga virago akahamia Los Angeles. Ukiangalia kazi zake za hapo mwanzo utashangaa: 1951 alifanya The Day the Earth Stood Still, filamu ya mgeni kutoka anga, akatumia theremini mbili. Theremini ni kile chombo huguswi, unapunga tu mikono hewani na kinalia kama mzimu una mafua. Kila filamu ya UFO umewahi cheki yenye ina ule mlio wa “wuuu wuuu” iko na deni hapo.

Alafu, kwa sisi wa huku, kuna hii: 1952 alifanya muziki wa The Snows of Kilimanjaro, na 1953 White Witch Doctor, yenye hadithi yake iko Kongo ya wakati wa Mbelgiji. Afrika ya Hollywood hiyo, mengi yametengenezwa studio, msitegee mjomba wenu kwa skrini. Lakini ukiskiza ile ya Kilimanjaro, jamaa hakuandika ngoma za kututisha. Aliandika majuto ya mtu mgonjwa amelala chini ya mlima akikumbuka wanawake aliowapoteza.

Sasa TV.

Ndio uelewe venye hii kitu ilikuwa inafanya kazi, tuseme wewe ni bosi wa kituo mwaka wa 1957. Uko na kipindi cha cowboy kila wiki. Episodi thelathini na kitu kwa msimu. Ukilipa mtunzi na okestra kwa kila episodi, utauza hadi kiti chako. Kwa hivyo unajenga maktaba. Unaita mtunzi, unamwambia akuandikie dakika kadhaa za hatari, dakika kadhaa za usiku, za farasi wakikimbia, za mtu akingoja kuuawa. Unarekodi mara moja. Kuanzia hapo, kuna mtu amekaa kwa chumba na mkasi na utepe, anakata vipande anabandika kwa kila episodi. Muziki mmoja unaweza kulia kwa vipindi vitano tofauti, kwa miaka, na mtazamaji hajui.

CBS ilikuwa na hiyo mashine, na mkuu wa muziki pale Hollywood alikuwa Lud Gluskin, mtu wa bendi za densi za zamani. Akamuita Herrmann. Watunzi wengi wakipewa hiyo kazi walikuwa wanaandika mahewa ya kawaida, mradi chakula kiko mezani. Herrmann akaandika Western Suite, akaandika Outer Space Suite, vitu vimekaa kama vinaenda kuchezwa kwa jumba la tamasha.

Na hapa ndipo kichwa chake kilikuwa kinafanana na mkasi wa yule mtu wa chumbani. Herrmann hakupenda wimbo mrefu. Watunzi wa Hollywood walikuwa wanaandika melodi ya kuimbika, yenye ikianza lazima imalizike, ju ukiikata katikati inaskika kama matatu imefunga breki ghafla. Yeye alikuwa anachukua kipande kidogo, nota nne, tano, anakirudia, anakibadilisha rangi, anakipandisha, anakishusha. Unaweza kukikata popote na bado kinashika. Unaweza kukirefusha kama mlango umechelewa kufunguka. Ni ile shule ya sekunde nne ya redio. Kwa TV ikawa dawa.

Jaribu Have Gun – Will Travel. Ilianza Septemba 1957, ikakimbia mpaka 1963, episodi 225. Paladin, mtu wa nguo nyeusi, anaishi maisha ya kifahari kwa hoteli San Francisco, anasoma vitabu, anakula vizuri, alafu anaajiriwa kwenda kusuluhisha shida za watu na bunduki. Kwa mfuko wa bastola kuna farasi wa chesi. Ile kufungua ya Herrmann ni nota chache nzito zinashuka, vyombo vya shaba, na imeisha. Hakuna wimbo wa jangwa, hakuna banjo. Wimbo wa Paladin wenye maneno unakuja mwisho, na huo sio wake. Yeye alikupea tu hisia moja: huyu mtu akigeuka, kuna mtu ataanguka. Muziki wake pia uliingia Gunsmoke na Rawhide, na baadaye akaandikia The Virginian, hiyo ikiwa ya kituo kingine.

Alafu ikaja ile kubwa. 2 Oktoba 1959, The Twilight Zone ya Rod Serling ikafungua mlango. Kama umecheki Black Mirror, huyu ndiye babu yake. Msimu wa kwanza, muziki wa kufungua ulikuwa wa Herrmann, wa polepole, kama mtu anashuka ngazi za kisima. Episodi ya kwanza kabisa, Where Is Everybody?, mtu anajikuta kwa mji wenye hauna mtu hata mmoja, muziki ni wake.

Lakini mimi nataka tukae kwa episodi moja, Walking Distance, yenye ilirushwa 30 Oktoba 1959, miaka 21 kamili baada ya ule usiku wa wageni wa Mars. Jamaa anaitwa Martin Sloan, miaka 36, mtu wa matangazo New York, amechoka na maisha. Gari lake liko gereji, na mji alikozaliwa uko karibu, anaamua kutembea. Anafika anakuta ni wakati ule ule alikuwa mtoto. Wazazi wake wako hai. Anajiona yeye mwenyewe akiwa kijana mdogo. Anataka kumwambia huyo mtoto afurahie, ju haitarudi tena. Anamfukuza mpaka kwa ile bembea ya farasi wa kuzunguka, mtoto anaanguka anaumia mguu, na Martin mkubwa anaanza kuchechemea. Buda yake anamwelewa, anamwambia arudi kwake, hapa hakuna nafasi ya watu wawili.

Bajeti ya TV haikuruhusu okestra kubwa. Mtunzi mwingine angechukua okestra kubwa aipunguze, abaki na fidla tatu zinajifanya thelathini. Herrmann alikuwa na akili tofauti: kama huwezi kupata kila kitu, chagua kitu kimoja ukipate vizuri. Kwa Walking Distance alichukua vyombo vya nyuzi na kinubi. Basi. Hakuna ngoma, hakuna tarumbeta. Na ule muziki, wueh, unauma. Sio wa kutisha hata kidogo. Ni wa mtu amesimama nje ya nyumba yao ya zamani, taa zimewashwa ndani, na hawezi kuingia. Nimeskiza filamu za mamilioni ya dola zenye hazijafika hapo.

Na kila episodi alikuwa anabadilisha vyombo. Living Doll ya 1963, ile ya mwanasesere anaongea na kumtishia baba wa kambo, ni klarineti ya besi inanguruma chini, vinubi na selesta zinalialia juu kama kisanduku cha muziki cha mtoto. Hiyo peke yake inakuambia ni nani atashinda kati ya yule mzee na yule mdoli. Pia The Lonely na Eye of the Beholder ni kazi zake. Mambo yote haya alikuwa anaandika kila chombo mwenyewe. Hollywood ilikuwa na desturi mtunzi anachora mchoro alafu mtu mwingine anagawa manota kwa vyombo. Herrmann alidharau hiyo kitu sana. Kwake ilikuwa ni kama mtu mwingine akuchagulie rangi wakati unachora picha.

Januari 1960, Twilight Zone ikafanya The Hitch-Hiker. Ile ile ya Lucille. Na muziki wenye ulitumika ni ule Herrmann alikuwa ameandikia redio miaka ya nyuma, wakati bado wako pamoja. Walikuwa wameachana miaka 12. Kazi yao wawili ikarudi kwa skrini ya kila nyumba Marekani.

Msimu wa pili, 1960, wakamtoa kwa kufungua. Lud Gluskin aliingia maktaba, akachukua vipande viwili vya Mfaransa anaitwa Marius Constant, akavishona pamoja, na huo ndio ule mlio wa gitaa wa “ti-ri-ti-ri” kila mtu hupiga na mdomo mambo yakikuwa ya ajabu. Maktaba ile ile yenye ilimlisha Herrmann ndiyo ilimtoa. Constant naye hakuwa ameandika wimbo wa kipindi, vilikuwa tu vipande viko kwa rafu.

Wakati huo huo Herrmann alikuwa na beshte mwingine, Alfred Hitchcock. Walianza pamoja 1955, na wakatoa Vertigo 1958, North by Northwest 1959. Kwa The Man Who Knew Too Much ya 1956, yule kiongozi wa okestra unamuona Royal Albert Hall, London, ni Herrmann mwenyewe.

Psycho, ukiangalia vizuri, ni mtoto wa TV. Hitchcock alikuwa na kipindi chake, akachukua kikosi cha TV, kamera nyeusi na nyeupe, karibu dola 800,000, kidogo sana kwa mtu wa jina lake. Na Herrmann akatumia ujanja ule ule wa Walking Distance: nyuzi peke yake. Hitchcock alikuwa amesema kwa ile sehemu ya bafu hataki muziki kabisa. Herrmann akaandika hata hivyo. Hitchcock akaskia, akakubali alikosea, na akamwongezea pesa. Hizo fidla zinapiga kelele zimetisha watu kuoga kwa zaidi ya miaka 60.

Hitchcock alipogeuza kipindi chake kuwa cha saa nzima, The Alfred Hitchcock Hour, Herrmann aliandikia episodi 17 kati ya 1963 na 1965. Pia kulikuwa na filamu za adventure za majitu na mifupa inapigana, The 7th Voyage of Sinbad, Jason and the Argonauts. Kwa Journey to the Center of the Earth ya 1959 alikataa fidla zote, akaleta ogani tano, ju kwake chini ya ardhi hakuna fidla. Na muziki wake ulikuwa na maisha yake: walipotengeneza episodi ya majaribio ya Lost in Space, ile yenye haikurushwa, waliweka muziki wa Herrmann kutoka filamu za zamani za studio. Mwenye alikuja kuandikia kipindi chenyewe muziki mpya ni kijana alikuwa anaitwa Johnny Williams. Sasa hivi unamjua kama John Williams wa Star Wars.

Alafu mambo yakachacha. Katikati ya miaka ya 60, studio zilitaka ngoma za kuuza rekodi. Wimbo wa pop, kitu watoi watanunua. Okestra ikaonekana ya wazee. Ndoa yake ya pili, na Lucy Anderson, ikavunjika 1964. Na 1966 ikaja Torn Curtain. Studio ilimshinikiza Hitchcock apate muziki wa kisasa, Hitchcock akamwambia Herrmann wazi anataka mdundo. Herrmann akakubali kazi, alafu akaenda akaandikia baragumu 16, fluti 12, tromboni 9, na hakuna fidla hata moja. Msee aliambiwa lete pop akaleta radi.

Siku ya kurekodi Hitchcock akafika studio, akaskia, akasimamisha kila kitu hapo hapo mbele ya wanamuziki. Kazi ikapewa mtu mwingine, John Addison. Miaka 11 ya urafiki, imekwisha kwa asubuhi moja. Hawakufanya kazi pamoja tena. Ukiniuliza nani alikosea, nitakuambia wote. Hitchcock aliogopa studio. Herrmann naye alijua kile ameambiwa na akafanya kinyume. Ila kila mara hapo awali, kufanya kinyume ndiko kulimletea heshima, kuanzia ile bafu ya Psycho. Angejuaje hii ndiyo itakataa?

Mwaka huo huo, 1966, akachukua pesa yake ya mfukoni, akaenda London, akalipa okestra na waimbaji, akarekodi Wuthering Heights yote. Kama hakuna mtu atamwekea jukwaa, basi itabaki kwa santuri. Hollywood ilikuwa imempa mgongo. Akaoa tena, Norma Shepherd, 1967, akahamia Uingereza kabisa mwanzo wa miaka ya 70.

Kilichomrudisha ni vijana. François Truffaut kutoka Ufaransa alimchukua kwa Fahrenheit 451. Alafu Brian De Palma, Sisters, ndipo Martin Scorsese, mwenye alikuwa na filamu ya dereva wa teksi hapati usingizi. Watoto hawa walikuwa wamekua wakimskia kwa filamu na TV, na walikuwa tayari kuvumilia matusi yake. Na Taxi Driver, mtu mwenye alikataa kumpa Hitchcock jazi, aliandika saksafoni moja ya usiku, tamu na chafu, juu ya ngoma zinapumua kama mtu ana homa.

Desemba 1975 alikuja Los Angeles kurekodi. Moyo ulikuwa unamsumbua, alikuwa mgonjwa wazi wazi. Tarehe 23 akamaliza kurekodi. Usiku akaenda kuangalia filamu nyingine alikuwa anataka kuandikia, akala, akarudi hoteli kulala. Asubuhi ya tarehe 24, siku moja kabla ya Krismasi, hakuamka. Miaka 64.

Taxi Driver ilitoka na shukrani kwake kwa skrini. Kwa Oscar zilizofuata aliteuliwa mara mbili kwa mpigo, Taxi Driver na Obsession ya De Palma, zote akiwa amekufa, na akashindwa na Jerry Goldsmith wa The Omen. Goldsmith naye alitoka CBS, na alikuwa ameandikia Twilight Zone kama yeye.

Wuthering Heights iliwekwa jukwaani mara ya kwanza 1982, Portland, Marekani, miaka saba baada yake kuzikwa. Nayo Walking Distance iko tu hapo, ni kama dakika 25. Zima taa, vaa earphone, na usiicheze kwa spika ya simu tafadhali.